Jigi ndogo ya Ned: mwongozo kamili wa kuifunga na kuvulia besi

Jigi ya Ned ni kitu kidogo sana kwa macho: kichwa cha risasi chenye umbo la uyoga, ndoano moja, na kipande cha plastiki laini kisichozidi sana sentimita 7. Haina mkia wa kupepea, haing'ai, haipigi kelele majini. Mvuvi aliyezoea vijiko vikubwa na visamaki vya plastiki vyenye ndoano tatu tatu huitazama akadhani ni ya kuchezea watoto. Lakini kwa samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa, hasa siku ambazo hawana hamu ya kukimbiza chochote, sijaona chambo kinachoipita. Nguvu yake iko kwenye wepesi. Ukilishika hilo, mengine yanakuja yenyewe. Ukilikosa, hata ukinunua vifaa vya bei ghali utarudi mkono mtupu.

Uvuvi huu ulikomaa Kansas, katikati ya Marekani, kwenye mabwawa yanayovuliwa na watu wengi mwaka mzima mpaka samaki wanazijua chambo za dukani. Jina limetokana na Ned Kehde, mwandishi wa habari za uvuvi wa mji wa Lawrence, ingawa mizizi yake inarudi hadi kwa Chuck Woods wa Kansas City, aliyekuwa fundi wa jigi ndogo miaka mingi kabla. Kehde na wenzake walichukua mnyoo wa plastiki wa inchi 5, wakaukata katikati, wakautia kwenye jigi isiyofika gramu 2. Baadaye kampuni ya Z-Man ikaanza kuuza vipande vilivyo tayari kwa urefu huo, na ndivyo watu wengi walivyoijua.

Kwetu Afrika Mashariki mahali pake ni Ziwa Naivasha. Besi waliletwa humo kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba mwekundu wa maji baridi, yule wa Louisiana, akaingizwa mwaka 1970. Samaki na kamba hao wanajuana tangu kwao, na besi wakubwa wa Naivasha wamekuwa wakimtegemea sana kamba huyo kwa chakula. Jigi ya Ned ikitua chini, plastiki yake inayoelea husimama wima, mkia juu, kama kamba aliyeinua magando kujitetea. Kwa hiyo tunapoitumia hapa hatuigi mambo ya Wamarekani bure. Tunampa besi chakula anachokijua.

Fimbo, rili na uzi

Sitakaa sana hapa. Unahitaji fimbo ya mita 2 hadi 2.1, yenye nguvu ya kati au chini ya kati, ncha yake iwe nyepesi na yenye kurudi upesi. Fimbo ngumu ya kuvutia kambare haifai, kwa sababu haiwezi kurusha gramu 2 na hutahisi samaki akigusa. Rili iwe ile ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi ya 2000 au 2500, na breki yake iachie uzi kwa ulaini bila kushtuka. Rili inayokwama kwanza ndipo iachie itakukatia uzi mwembamba samaki akikimbia mara ya kwanza.

Kwenye rili weka uzi wa kusukwa wa pauni 10 (pauni hapa ni kipimo cha nguvu ya uzi), wa rangi inayoonekana vizuri, njano au kijani kikali. Macho yako yatafanya kazi kubwa kuliko mkono, kwa hiyo usichague rangi ya kujificha. Mbele yake unga mita 2 za uzi mwangavu wa florokaboni wa pauni 8. Maji yakiwa wazi shuka hadi pauni 6. Ukiwa katikati ya miti iliyozama panda hadi 10 na usijilaumu.

Kuunga nyuzi hizo mbili, tumia fundo la pande mbili. Zilaze sambamba zikiangaliana, kunja uzi wa kusukwa kuwa kitanzi, uzungushe ncha yake ndani ya kitanzi hicho mara saba juu ya nyuzi zote mbili, uvute mpaka ukaze. Fanya vivyo hivyo kwa florokaboni, lakini mara nne au tano zinatosha kwa kuwa ni nene zaidi. Lowesha mafundo kwa mate, kisha vuta nyuzi ndefu za pande zote mbili mpaka mafundo yakutane. Kata ncha karibu kabisa. Fundo lenye ncha ndefu hugonga pete za fimbo kila ukirusha na jigi nyepesi haifiki mbali.

Uzito wa kichwa

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Dukani au mtandaoni utakuta vichwa vya gramu 1.8, 2.7, 3.5, 5 na hata 7. Mkono utavutiwa na vile vizito kwa sababu vinaruka mbali na unavihisi vikigusa chini. Viache. Besi wengi huchukua jigi hii ikiwa inashuka, au sekunde chache baada ya kutua. Kichwa kizito kinapita mbele ya samaki haraka na kutua kwa kishindo, kisha kinazama kwenye tope. Chepesi kinateremka taratibu, samaki anapata muda wa kukitazama, kukisogelea, kukata shauri.

Kwa maji ya kina cha chini ya mita 2 anza na gramu 1.8. Kati ya mita 2 na 4, gramu 2.7. Kukiwa na upepo, au kina kikizidi hapo, gramu 3.5. Gramu 5 iwe ya siku za dharura, kwenye kina kikubwa kama upande wa Crescent Island, ambako shimo la volkano la zamani ndilo sehemu yenye kina kuliko zote ziwani. Ukiwa na shaka kati ya uzito wa aina mbili, chukua mwepesi.

Umbo la uyoga nalo lina sababu. Nyuma ya kichwa ni bapa, hivyo plastiki iliyokatwa sawasawa inakikaa bila mwanya, na jigi nzima inakuwa kitu kimoja laini kisichokusanya majani. Chini yake pana upana wa kutosha kuisaidia isimame. Vichwa vya mviringo vya kawaida vinavua pia, ila huanguka ubavu.

Ndoano iwe ya waya mwembamba, namba 4 hadi namba 1, na mdomo wake uwe mkali kiasi kwamba ukiuburuta juu ya ukucha unakwaruza bila kuteleza. Ukiteleza, inoe kwa tupa ndogo au ibadilishe. Waya mwembamba unaingia kwa msukumo mdogo, nao ndio msukumo pekee ulio nao kwa fimbo laini na uzi mwembamba.

Kama huna vichwa vya uyoga na unataka kujaribu tu, bana chubwi ndogo ya kupasuliwa mara moja chini ya tundu la ndoano ya shingo ndefu, kisha sukuma plastiki juu yake mpaka iifunike. Itavua. Hasara yake ni kwamba mdomo wa ndoano unaweza kutazama chini ikitua, tofauti na jigi halisi ambayo tundu lake limepinda ili mdomo utazame juu. Itumie kwenye tope safi, pasipo miti.

Plastiki

Chagua kipande kilichonyooka, kinene kidogo, butu kote, cha sentimita 6 hadi 7.5. Plastiki ya Z-Man, inayoitwa ElaZtech, inavutika kama mpira, haichaniki kwa urahisi, na inaelea, kwa hiyo ndiyo inayosimama vizuri zaidi. Ina masharti mawili. Kwanza, isichanganywe na plastiki za aina nyingine kwenye boksi moja, kwa maana zinayeyushana, na utafungua ukute uji. Pili, iache ndani ya mfuko wake wa asili, imelala imenyooka.

Plastiki ya kawaida yenye chumvi, mfano Senko ya inchi 4 au 5 iliyokatwa katikati, inazama badala ya kuelea. Haitasimama wima, ila inashuka na kulala kwa namna ambayo besi wanaipenda pia. Ikate kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, na upande uliokatwa ndio ukae kwenye kichwa cha jigi. Kipande kilichopinda kwa kukaa vibaya kitumbukize kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kinyoshe mezani, kiache kipoe.

Kuhusu rangi nina msimamo: tatu zinatosha. Maji ya Naivasha mara nyingi yana rangi ya chai ya maziwa, hasa upande wa kaskazini unakoingia Mto Malewa baada ya mvua. Humo, nyeusi yenye chembe za buluu huonekana vizuri kuliko zote kwa sababu inatoa kivuli kamili. Maji yakitulia, rangi ya kijani cha boga. Ya tatu ni kahawia inayoelekea wekundu, ya kamba mwenyewe, na hiyo ningeitumia karibu na mawe na kingo ngumu. Mtu mwenye mifuko ishirini ya rangi hutumia asubuhi yake kubadilisha plastiki, na jigi haivui ikiwa mkononi.

Kuifunga, hatua kwa hatua

1. Funga uzi kwenye kichwa kabla ya kutia plastiki. Fundo la Palomar ndilo imara na rahisi. Kunja ncha ya uzi iwe maradufu kwa sentimita 15, pitisha kitanzi kwenye tundu la jigi, piga fundo la kawaida kwa ule uzi maradufu bila kulikaza, kisha pitisha jigi yote ndani ya kitanzi. Lowesha, vuta pamoja uzi mrefu na ncha yake mpaka fundo likae juu ya tundu, kata ncha. Nyuzi mbili zikipandana vibaya ndani ya fundo, kata urudie. Florokaboni iliyopandana hukatika ghafla.

2. Laza plastiki sambamba na ndoano, kichwa kwa kichwa. Tazama mpindo wa ndoano unaishia wapi, uweke alama kwa ukucha. Hapo ndipo mdomo wa ndoano utatokea.

3. Choma mdomo wa ndoano katikati kabisa ya upande bapa wa plastiki. Ukichoma pembeni kwa milimita moja tu, mwisho wake utakuwa pembeni zaidi.

4. Sukuma plastiki kwenye ndoano kidogo kidogo ukiizungusha ifuate mpindo, kama unavyovalisha soksi mguu wa mtoto. Usiivute kwa mbele, maana ikivutika itarudi nyuma baadaye na kujikunja. Ikifika kwenye alama, geuza mdomo utokee.

5. Ikiwa karibu kufika kichwani, weka tone dogo sana la supagluu nyuma ya kichwa, sukuma plastiki ikae, shikilia mpaka ishike. Kwa ElaZtech hatua hii ni ya lazima, kwa sababu inateleza.

6. Inua jigi mbele ya macho, itazame kutoka juu, kisha kutoka pembeni. Iwe imenyooka kama penseli. Kisha itumbukize majini kando ya mashua na uivute mita moja: ikizunguka, ivue uanze upya.

Hatua ya mwisho ndiyo watu wanairuka wakiwa na haraka ya kurusha. Plastiki iliyopinda hujizungusha ikishuka, inasokota uzi wote, na badala ya kiumbe kinachoteleza taratibu besi anaona kitu kisichofanana na chochote anachokula. Dakika moja ya kurekebisha hapa inalipa asubuhi nzima.

Maji ya ziwa yalipopanda kwa kishindo mwaka 2020, yalimeza ukanda mrefu wa migunga ya kandokando. Miti hiyo ilikufa ikiwa imesimama, na matawi yake yaliyo chini ya maji sasa ni maskani ya samaki. Jigi yenye mdomo wazi itakwama humo kila mara. Tumia kichwa chenye ndoano pana iliyopinda shingoni, namba 1/0, gramu 3.5: choma pua ya plastiki kwa nusu sentimita, toa ndoano kwa chini, izungushe, pima, kisha choma tena mwilini mpaka mdomo utokee juu. Rudisha ncha yake ndani ya ngozi ya plastiki, imeguswa tu, isizame. Unapoteza samaki wachache kwa kukosa kunasa, lakini unaokoa jigi nyingi.

Jua kasi yake ya kushuka

Kabla ya kuvua popote, fanya zoezi hili. Funga chubwi nzito kwenye kamba ya kawaida yenye mafundo kila nusu mita, ishushe kando ya mashua upime kina. Sasa dondosha jigi yako mahali hapo hapo, uzi ukiwa umelegea kabisa, na uhesabu kwa mwendo uleule wa kila siku mpaka uzi usimame. Andika: kichwa hiki, plastiki hii, kina hiki, hesabu hii. Rudia kwa kila uzito ulio nao.

Faida yake utaiona ukirusha. Ukijua jigi yako huhesabiwa hadi kumi na mbili kufika chini, na leo uzi umesimama kwenye saba, kuna mambo mawili: imetua juu ya tawi au samaki ameichukua. Vyote viwili unataka kuvijua mara moja.

Kuirusha na kuirudisha

Rusha kwa upole, ukizungusha kiwiko, usipige fimbo kama mjeledi. Jigi ikiwa karibu kugusa maji, zuia uzi kidogo kwa kidole ili ianguke bila kishindo na uzi unyooke mbele yako. Kisha fungua: shusha ncha ya fimbo, acha uzi ulegee, tazama pale uzi unapoingia majini. Usiukaze. Uzi uliokazwa huivuta jigi ije upande wako kwa mduara, badala ya kushuka wima pale ulipolenga.

Ikishatua, iache. Hesabu hadi kumi. Kwa asili ya mtu hili ndilo gumu kuliko yote, lakini plastiki inayoelea haijatulia hata ukiwa hujaigusa: mkia wake unatikiswa na kila mkondo mdogo wa chini.

Baada ya hapo njia ninayoitegemea zaidi ni kuogelesha, kuacha iteleze na kutikisa. Ncha ya fimbo iwe karibu na maji. Zungusha rili mara mbili au tatu polepole, kiasi cha kuinua jigi shubiri moja au mbili kutoka chini, kisha simama, iteremke yenyewe. Inapoteremka, itikise kwa mtetemo mdogo wa kifundo cha mkono huku uzi ukiwa na ulegevu kidogo, ili mtikiso uishie kwenye plastiki bila kuisogeza jigi mbele. Ikigusa chini, pumzika, anza tena. Jigi haipandi juu sana wala haiburuzwi, inaruka-ruka chini chini kama mdudu anayejitafutia.

Kuburuza ni kwa mahali penye mawe au changarawe. Sogeza fimbo upande, shubiri moja kwa wakati, ukiwa unahisi kila jiwe, na upumzike kila inapopanda juu ya kitu. Kamba hutembea hivyo. Kwenye tope laini usiburuze, kwa kuwa kichwa kitachimba na plastiki kupotea ndani.

Kuna na kurusha-rusha, ambapo unapiga ncha ya fimbo juu kwa ghafla kidogo jigi iruke na kuanguka. Hiyo ni kwa samaki wenye nguvu, asubuhi yenye mawingu. Siku nyingi naiona ni kazi ya ziada.

Na ukiwa kwenye mti uliozama, rusha upande wa kivuli, iache ishuke kandokando ya shina mpaka chini, tikisa papo hapo mara chache bila kuisogeza, vuta, rusha upande wa pili. Mti mmoja mkubwa unastahili marusho matano au sita kutoka pembe tofauti. Besi hawakai popote tu kwenye mti. Wanakaa mahali fulani, mara nyingi pale tawi nene linapoachana na shina, na jigi lazima ipite mbele ya uso wao.

Kumjua na kumnasa

Ukisubiri mvuto wa nguvu utakosa wengi. Mara nyingi utaona uzi ukiruka kidogo pale juu ya maji, au ukihama polepole kwenda pembeni kinyume na upepo, au ukisimama kabla ya hesabu yako. Mkononi utahisi uzito laini, kama jigi imeshika jani lililolowa. Wakati mwingine ni kinyume: uzito unatoweka kabisa, maana samaki ameichukua na kuja upande wako.

Usivute kwa kishindo. Waya mwembamba hunyooka, uzi mwembamba hukatika, na mara nyingi unamnyang'anya samaki chambo. Zungusha rili mpaka uzi ukaze, na ukishahisi uzito inua fimbo kwa mwendo mmoja ulio thabiti huku ukiendelea kuzungusha. Ndoano kali itaingia yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Ile yenye mdomo uliofichwa kwenye plastiki inahitaji mwendo mrefu zaidi, si mkali zaidi.

Breki ya rili iwe imepimwa kabla: iachie uzi kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya florokaboni yako. Kwa pauni 8 hiyo ni takriban kilo moja. Besi akiruka juu ya maji akitikisa kichwa, inamisha fimbo, usimpe ulegevu. Akikimbilia mti, weka fimbo upande wa pili na umgeuze kichwa. Ukimwachia mita mbili za kwanza humo ndani, hutamtoa.

Naivasha yenyewe

Pata leseni ya uvuvi wa starehe kabla ya kushuka majini, na ukodishe mashua yenye nahodha anayelijua ziwa, kutoka fukwe rasmi za kupakulia samaki kama Kamere au Karagita. Vaa jaketi la kuokolea maisha wakati wote. Si pambo.

Viboko ni jambo la kwanza. Wanakula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi anataka kukaribia mafunjo. Kaa mbali na kingo zenye njia zao, usipite kati ya kundi na kina, na nahodha akisema tuondoke, jigi ikiwa imekwama au samaki akiwa anavuta, kata uzi muondoke. Hakuna samaki wa kubishana juu yake na kiboko.

Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, kwa hiyo asubuhi ni baridi na maji hutulia kama kioo. Mchana upepo huamka, na alasiri mawimbi yanaweza kuwa makali kwa mashua ndogo. Jigi ya gramu 1.8 ni ya saa hizo za utulivu. Upepo ukianza, tia nanga badala ya kuelea, rusha kwa kufuata upepo, na uweke ncha ya fimbo chini karibu kuigusa maji ili upepo usipige tumbo la uzi. Ukishindwa kuhesabu mshuko, ongeza uzito. Ukishindwa hata kwa gramu 5, siku ya jigi ndogo imekwisha, ni saa ya kurudi.

Magugu maji yanahama na upepo, na jana yakiwa upande huu leo yako upande mwingine. Kingo za zulia lake lililotulia ni mahali pazuri: dondosha jigi sentimita chache kutoka ukingoni, ishuke kivulini. Ndani ya zulia usijaribu.

Besi dume hulinda kiota kwenye maji ya kina kifupi, pahala peupe pa duara palipofagiliwa. Atashambulia jigi kwa hasira, na ni rahisi kumtoa. Mimi nampita. Akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wengine huingia kula mayai, na kwenye ziwa ambalo samaki aina ya kapu, aliyeonekana humo miaka ya karibu na 2000, amechukua nafasi kubwa hivyo, kila kiota kina maana.

Kumshika na kumwachia

Meno ya besi ni kama msasa, hayakati. Lowesha mkono, shika taya la chini kwa kidole gumba, na kama ni mkubwa tegemeza tumbo kwa mkono wa pili. Usimning'inize kwa taya akiwa ameinamishwa, linavunjika. Bana kijino cha ndoano kwa koleo kabla hata hujaanza kuvua, ili itoke kwa kuizungusha tu. Ndoano ikiwa imeingia kooni, kata uzi karibu nayo umwachie, kuliko kumchimba ndani. Ukitaka wa kupika, chukua wa saizi ya kati na uwaache wakubwa, maana hao ndio wazazi.

Plastiki iliyochanika isitupwe majini. Haiozi, na samaki au ndege mwari akiimeza inabaki tumboni. Iweke kwenye chupa ndogo ndani ya mashua. Kila baada ya samaki kadhaa, pitisha sentimita 30 za mwisho za florokaboni kati ya vidole: ukihisi ukwaruzo wowote, kata kipande hicho na ufunge jigi upya. Wakati huohuo bonyeza plastiki kwenye kichwa. Ikiwa imeachia mwanya, ikaushe, weka tone jipya la gundi, inyooshe, na uitazame tena kutoka juu kabla ya kurusha.